Kuwapeleka wanafunzi mnara wa taa wa Kigomasha: ruhusa, ngazi na cha kuwaonesha

Maalim_Wete

Assalaam alaykum. Skuli yetu iko Pemba, upande wa Wete. Tunataka kuwapeleka wanafunzi 24 wa kidato cha tatu kuuona mnara wa taa wa Ras Kigomasha, pamoja na walimu wawili na mzazi mmoja. Somo ni jiografia, sehemu ya ramani na usafiri wa baharini, kwa hiyo safari lazima izae kazi ya darasani. Picha za simu pekee hazitomridhisha mkuu wa skuli.

Naomba wanaoujua mnara wanijuze. Ruhusa anaitoa nani: sheha, mlinzi wa mnara, au barua ipelekwe ofisini? Ngazi ya ndani wapande wangapi kwa mara moja? Wakifika juu waoneshwe nini, na kipi wasikiguse kabisa? Halafu kuna mwenzangu anashikilia kuwa afadhali minara ya Chumbe au Nungwi, huko Unguja. Kwa skuli ya Pemba nauli ya meli peke yake inatisha, ila kama tofauti ni kubwa nitawaomba wazazi wachangie.

Tumefikiria Jumamosi, tuondoke Wete saa tatu asubuhi.

Mwenyeji_Konde

Wa alaykum salaam Maalim. Usihangaike na meli, Kigomasha inakutosha.

Njia ni Wete, Konde, kituo cha Msitu wa Ngezi, Makangale, halafu unaendelea kaskazini hadi nchi inapoishia. Kutoka Konde haifiki kilomita 20, lakini usiihesabu kama barabara ya Chake Chake. Ndani ya msitu gari inakwenda taratibu, mbele kuna mchanga, na mvua ikinyesha sehemu za chini zinashika tope. Basi dogo lenye tumbo la chini litakwama au litakwangua. Chukua gari ya bodi ya mbao iliyonyanyuka, ikodi kwa siku nzima kwenda na kurudi, na bei mkubaliane kabla ya kupanda. Gari za abiria za kawaida zinakufikisha Konde. Kutoka hapo kusubiri usafiri wa bahati na watoto 24 si mpango.

Pale kituo cha Ngezi dereva asimame aeleze anakokwenda. Kupita njia kuu kwa gari ni jambo moja, na kuingia kutembea kwenye njia za msitu ni jingine. Wanafunzi wakitaka kutembezwa ndani, lipeni ada pale pale na mpewe mtembezaji. Msiwashushe njiani waingie wenyewe kutafuta popo. Popo wa Pemba ni mkubwa, na hapatikani kwengine duniani ila kisiwani hapa, kwa hiyo watamtaka wote. Mkitia msitu na mnara katika siku moja, kimoja kitaharakishwa. Ningeuacha msitu kwa safari nyingine.

Ruhusa ina milango mitatu na yote ipigwe hodi. Mnara ule ni chombo cha usalama wa vyombo baharini na bado unafanya kazi, kwa hiyo barua ya skuli iende kwanza Shirika la Bandari, ofisi ya Pemba, ieleze tarehe, idadi na nani anabeba dhamana. Nakala mpelekee sheha wa pale, maana kundi la watoto likishuka kwenye gari yeye ndiye anayeulizwa. Mlango wa tatu ni mlinzi mwenyewe, na hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika: watu wanafika na barua nzuri ya mjini, mlango una kufuli, na mwenye ufunguo yuko shamba au baharini. Mtumieni mtu siku mbili kabla, mpigieni tena jioni ya kuamkia safari. Kama kuna chochote cha kutoa, kiulizwe mapema na kilipwe na mtu mmoja kwa niaba ya kundi. Watoto wasianze kutoa mmoja mmoja mlangoni.

Na maji ya kunywa mtoke nayo Konde. Lita moja na nusu kwa kila mtu ni kiasi cha chini.

FundiChuma

Nijibu la ngazi. Mnara wa Kigomasha ni wa chuma, wa enzi ya Waingereza, miaka ya mwanzo ya 1900. Ngazi yake ni nyembamba, inapanda kwa kuzunguka, na ina vipandio 95. Wembamba huo ndio unaoamua kila kitu: hakuna kupishana. Aliye juu akitaka kushuka na mwengine yuko kati anapanda, mmoja lazima arudi kinyumenyume, na kurudi kinyumenyume kwenye ngazi ya mzunguko ndiko kunakovunja miguu.

Kwa hiyo panga hivi. Wanafunzi wanne na mtu mzima mmoja, zamu sita. Wakipanda, mtu mzima anakuwa wa mwisho; wakishuka, anatangulia. Sababu ni moja: anayeteleza anaanguka upande wa chini, na chini yake awepo mwenye nguvu ya kumzuia. Kati ya mtu na mtu waache vipandio vitano au sita. Zamu ya pili haigusi kipandio cha kwanza mpaka wa kwanza wote watano wamekanyaga ardhi na wamehesabiwa. Mwalimu wa chini awe na filimbi: mlio mmoja simama ulipo, miwili shuka. Kupiga kelele ndani ya bomba la chuma hakufai, sauti inagonga kuta na hakuna anayefahamu neno.

Kila zamu ipe dakika 20, yaani kupanda, kukaa juu na kushuka. Zamu sita ni saa mbili kamili. Msijaribu kupunguza kwa kuongeza watu; chumba cha taa na roshani yake vimejengwa kwa ajili ya mlinzi na chombo chake, na wageni wanane wakijazana, kuna atakayeegemea kisichoegemewa.

Kwenye ngazi ya mzunguko kipandio ni kipana upande wa nje na chembamba upande wa nguzo. Wafundisheni kukanyaga upande wa nje, mguu mzima, na mkono mmoja usiachie kishikio. Mikono yote miwili iwe huru, kwa hiyo simu, chupa na mikoba ibaki chini, na vifaa vya kupimia vitiwe kwenye mkoba mmoja wa mgongoni anaouvaa mtu mzima. Ndara za mpira haziruhusiwi, na si kwa ajili ya kuteleza tu: kisigino kinachoning'inia kinanasa kwenye ukingo wa kipandio wakati wa kushuka. Viatu vya kufunga. Wasichana wenye mabuibui au sare ndefu wajikunje na kufunga kiunoni kabla ya kuingia, maana pindo likikanyagwa na wa nyuma, wa mbele anavutwa.

Sasa kutu. Chuma cha pwani hakiozi sawasawa. Sehemu inayopigwa na upepo na kuoshwa na mvua mara nyingi huwa nzima kuliko ile iliyojificha, kwa sababu chumvi iliyotua kwenye pembe, chini ya vipandio na mahali pande mbili zinapokutana haioshwi, na chumvi inavuta unyevu usiku kucha. Kutu nayo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inavimba na kusukuma pande hizo mbili zitengane. Ukiona rangi imetuna kama lengelenge kwenye maungio, au boliti ina kichwa kilicholiwa kikabaki mfano wa uyoga, kipandio hicho ukiruke na mwambie mlinzi. Rangi mpya juu ya lengelenge haina maana yoyote.

Mtu mzima apande peke yake kwanza kabla ya zamu ya kwanza. Anakanyaga kila kipandio upande wa nje kwa mguu mmoja huku ameshika, anatikisa kishikio kila mzunguko, anatazama juu kama kuna manyigu. Manyigu wanapenda sehemu kavu zenye kivuli, na mtoto akiumwa katikati ya ngazi hajali filimbi. Msigonge chuma kwa nyundo wala jiwe kujaribu uzima wake. Mnachokipata ni kuvua rangi na kuiachia kutu njia.

Atakayesema anaogopa asibembelezwe. Abaki chini, kazi ya chini ipo.

Pwani_Kusini

Huyo mwenzako wa Nungwi mwambie asahau. Mnara wa Ras Nungwi ni mkongwe, tangu miaka ya 1880, na uko jirani na bwawa la kasa la Mnarani, lakini hauingiliki kwa wageni na kuupiga picha hakuruhusiwi. Wanafunzi watauona kwa mbali tu. Nauli yote ile kwa ajili ya ukuta!

Chumbe ni habari nyingine. Mnara wake ulijengwa 1904 kwa mawe, na mwaka 1926 taa ikabadilishwa itumie gesi. Una vipandio 131, unapandika, na nyumba ya zamani ya mlinzi imegeuzwa kituo cha wageni. Pana msikiti wa zamani pia, na maji ya kisiwa kizima wanayavuna kutokana na mvua kwa sababu hakuna kisima cha maji matamu. Jiwe na chuma ni masomo mawili tofauti: mnara wa mawe unasimama kwa uzito wake, kwa hiyo kuta za chini huwa nene na wa ndani hausikii upepo. Wa chuma ni mwepesi, vipande vyake vinakuja na meli vikiwa tayari na kufungwa kwa boliti, na upepo wa kusi ukivuma watoto wataisikia mitikisiko kidogo juu. Waambieni mapema kwamba ndivyo chuma kinavyofanya, wasije wakapiga mayowe.

Ila Chumbe hujipeleki. Kisiwa na mwamba wake ni hifadhi tangu 1994, nafasi za siku ni chache, na unakwenda kwa chombo chao na kwa miadi. Jambo ambalo walimu wengi hawalijui ni kuwa Chumbe wana mpango wa elimu ya mazingira kwa skuli za Zanzibar, watoto wanapelekwa na kufundishwa kwenye matumbawe. Ukiomba kupitia mpango huo hesabu inakuwa nyengine kabisa na ile ya mtalii. Andika mwanzo wa mwaka wa masomo, na usiombe miezi ya masika.

Ukipata bahati hiyo na mkalala mjini, wapitishe Forodhani. Mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, palikuwa na mnara wa taa wa Sultani. Ulipigwa mizinga ya manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896 na haukujengwa tena. Jumba lilipotengenezwa upya, mnara wa saa ukatiwa kwenye uso wake. Upande ule ndio ulioanguka Disemba 2020. Picha za kabla ya 1896 zinauonesha mnara wa taa umesimama peke yake, mrefu kuliko jumba. Mtoto akiwekewa picha hiyo na ya leo pembeni, somo la historia limekwisha kwa dakika tano.

TaaNaLenzi

La kuwaonesha juu, na la kutogusa. Haya mawili ni kitu kimoja, kwani kinachofaa kutazamwa ndicho kinachoharibika.

Waanze na swali: taa ndogo inaonekanaje maili kumi na zaidi? Balbu ikiachwa wazi inatupa mwanga kila upande, na ule unaokwenda mbinguni na ardhini umepotea bure. Mwaka 1823, kwenye mnara wa Cordouan, Mfaransa Augustin Fresnel aliweka lenzi iliyokatwa kwa vipande: kioo cha katikati kinapinda mwanga, na katika lenzi zilizofuata pete za miche ya kioo (prizimu) juu na chini zinaukamata ule unaopotea na kuurudisha ulale sambamba na upeo wa bahari. Lenzi nene ya kipande kimoja ingekuwa nzito mno na ingemeza mwanga. Ukikuta taa ni ya kisasa, ya plastiki na diodi, kanuni ni ile ile. Watazame mistari ya mviringo kwenye ganda lake.

Lenzi za zamani ziligawanywa kwa daraja kulingana na umbali kutoka mwali hadi kioo: daraja la kwanza milimita 920, la pili 700, la tatu 500, la nne 250. Mwanafunzi anaweza kukadiria daraja kwa jicho tu, akiwa amesimama hatua moja nyuma. Kidole kisikaribie. Jasho lina chumvi na mafuta, alama inashika vumbi, na atakayekuja kuifuta kwa kitambaa kikavu anakwaruza kioo kwa vumbi hilo hilo. Kingo za miche nazo zinamenyeka kwa kuguswa na kifungo cha shati.

Hatari ambayo watu hawaitegemei ni jua. Lenzi inayotoa mwanga nje usiku, mchana inaliingiza jua ndani na kulikusanya pale pale penye mwali. Ndiyo maana walinzi wa zamani walifunga mapazia mchana kutwa, la sivyo taa ingeungua au moto ungewaka. Pazia likiwa limefungwa, msilifungue ili mpige picha. Pazia likiwa halipo, hakuna kutia kichwa wala mkono katikati ya lenzi.

Kama taa ni ya kuzunguka na ni ya mtindo wa zamani, angalieni chini yake. Lenzi nyingi nzito zilielea juu ya birika la zebaki, ili kidole kimoja kiweze kusukuma tani ya kioo. Zebaki ikimwagika hukimbia kwa vitone vya fedha na kuingia kwenye nyufa, na hutoa mvuke usio na harufu unaodhuru ubongo na figo; joto la chumba cha vioo linaongeza mvuke huo. Mkiona kitone kinachong'aa sakafuni, wote washuke, mlinzi aambiwe, na hakuna kuokota. Watoto wanaipenda zebaki kupita kiasi.

Paneli za sola zisitundikwe nguo wala mikoba, hata kwa dakika tano. Seli zimeungwa mnyororo, kivuli cha seli chache kinapunguza umeme wa paneli nzima, na usiku betri inalipa deni. Sanduku la betri lisifunguliwe: betri za asidi zinatoa hewa ya haidrojeni zinapochajiwa.

Kwa Chumbe, somo la gesi ni zuri mno, na hata msipokwenda lifundisheni darasani. Gesi ya asetilini haikubali kushindiliwa mtunguni peke yake, inalipuka. Msweden Gustaf Dalén alifanikiwa kwa kuijaza mitungi kitu chenye vitundu vingi mfano wa sponji kilicholowa asetoni, na gesi ikayeyuka humo. Kisha akabuni vali ya jua: fimbo moja nyeusi katikati, tatu zilizong'arishwa pembeni. Kukipambazuka, nyeusi inanyonya mwanga, inapata joto na kurefuka kuliko wenzake, inaisukuma vali na gesi inafungwa. Giza likiingia inajikunja, gesi inafunguka. Hakuna mtu wala umeme. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, mwaka ule ule mlipuko wa asetilini ulipompofusha macho.

Maalim_Wete

Nashukuru sana, mmenipa zaidi ya nilichoomba. FundiChuma, zamu za wanne nimezikubali, na mwalimu mwenzangu ataupanda kwanza.

Bado mawili. Hao 20 wanaobaki chini wakati wanne wako juu, kwa saa mbili, nitawapa kazi gani isiyokuwa kukimbizana na kaa? Na nilitaka wamalizie kwa kutembea ufukweni upande wa Verani. Maji yanaruhusu saa ngapi?

Serahangi

Maalim, kazi ya chini ndiyo hasa somo lako.

Kwanza urefu wa mnara kwa njia mbili. Wanaopanda wapime kwa rula kimo cha kipandio kimoja, wapime vitano tofauti na kuchukua wastani, wazidishe mara 95. Mfano kikiwa sentimita 20, ngazi ni mita 19. Hapo waongeze kutoka kipandio cha mwisho hadi ilipo taa yenyewe. Wanaobaki chini wapime pembe: kipimapembe cha darasani, uzi na jiwe dogo, na mrija wa kuchungulia. Wasimame mita 30 kutoka shina la mnara, zilizopimwa kwa tepu, si kwa hatua. Wakipata nyuzi 40, tanjenti yake ni 0.839, mara 30 ni mita 25.2, wanaongeza kimo cha macho ya aliyechungulia. Makundi yakitofautiana kwa mita moja ni sawa. Yakitofautiana kwa tano kuna aliyesahau kimo cha macho au uzi umepeperushwa na upepo. Msitumie kivuli saa sita mchana. Pemba mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini, na kivuli chote kinaishia miguuni mwa mnara.

Pili, umbali wa kuonekana. Kanuni ya manahodha: maili za baharini ni 2.08 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, kimo cha taa kutoka usawa wa bahari na kimo cha macho ya anayetazama, kila kimoja kivyake, halafu jumlisha. Tuseme taa iko mita 36 juu ya maji na nahodha wa jahazi macho yake yako mita 3. Taa inatoa 12.5, nahodha anatoa 3.6, jumla maili 16, kilomita kama 30. Waulizeni aliye kwenye mtumbwi, macho mita moja juu ya maji, anapoteza kiasi gani. Jibu ni maili moja na nusu. Hesabu hii inasema dunia ilipopinda tu. Mvua na ukungu vinakata kabla ya hapo, na taa dhaifu pia.

Na wachore mstari huo kwa bikari juu ya ramani yenye kipimo. Duara likishakaa wataona wenyewe kwa nini rasi ile ilichaguliwa: chombo kinachotoka Mombasa au Tanga kinavuka Mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita na maji yanayokwenda kaskazini kwa nguvu, na ncha ya kisiwa ndiyo alama ya kwanza ya kujirekebishia. Ukiukosa mnara usiku, mkondo umeshakupeleka.

Mmweko wa taa mchana hamuuoni, kwa hiyo fanyeni kwa tochi darasani. Kila mnara una wakati wake, na nahodha anautambua kwa kuhesabu sekunde toka mmweko hadi mmweko, si kwa ukubwa wa mwanga. Lenzi yenye nyuso nne inayomaliza mzunguko kwa sekunde 40 inamweka kila sekunde 10. Wape mizunguko na nyuso mbalimbali wagawanye. Wahesabu mimweko kumi halafu wagawe; anayehesabu mmoja tu hukosea kwa sekunde nzima.

Maji sasa. Kwetu bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, linakuja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji ya bamvua yanapwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Tofauti ya kujaa na kupwa inafika kama mita nne. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, ni kinyume, asubuhi hiyo ya saa nne ndipo yamejaa. Basi chagua Jumamosi iliyo karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na kutembea kuwe ndani ya saa moja na nusu kabla au baada ya kupwa. Mwambao ule una majabali, maji yakipanda sehemu za kukanyaga zinatoweka na watoto watabanwa baina ya jabali na wimbi. Viatu vibaki miguuni, kuna urumba (wanyama wa bahari wenye miiba) na mawe makali.

Mwenyeji_Konde

Hapo mmegongana. FundiChuma anataka saa mbili za ngazi, Serahangi anataka ufukwe saa nne, na Maalim anaondoka Wete saa tatu. Saa tatu mmeshachelewa. Ondokeni saa moja na nusu, saa tatu muwe mnarani. Zamu tatu zipande kuanzia saa tatu na robo hadi saa nne na robo wakati chuma bado hakijapata moto. Kisha nusu hao waende ufukweni na mwalimu mmoja, nusu nyengine ianze kupanda. Saa tano na robo wabadilishane. Waliopanda mwisho watapata dakika 20 tu za ufukweni kabla maji hayajaanza kurudi kwa nguvu, na ndiyo bei ya kundi la 24. Watu wazima watatu hawatoshi kwa mpango huu: mmoja ngazini, mmoja mlangoni na filimbi, mmoja ufukweni, na hakuna wa kubaki na mgonjwa. Tafuta wa nne.

Saa sita wote kivulini. Baada ya hapo vishikio vinachoma kiganja, na mtoto anayerusha mkono kwa moto ameachia ngazi.

FundiChuma

Nakubali ratiba hiyo. Nyongeza moja: kama siku hiyo kusi limechachamaa, roshani ya nje isifunguliwe kwa wanafunzi, watazame kwa ndani ya vioo. Na asiwepo wa kurusha droni. Kibali chake ni cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwenye chombo cha serikali mtakosesha skuli nyengine zote zitakazokuja.